Kufufua plau kuukuu ya ng'ombe kabla ya kufungua konde jipya

Plau kuukuu ikiletwa kwa fundi hapa Mombasa, ombi la kwanza huwa rangi. Imekaa nyuma ya nyumba misimu kadhaa, kuku wamelala juu ya boriti yake, kutu imeifunika yote, na mwenyewe anataka iwe nyekundu au buluu kama ilivyotoka dukani. Rangi ni kazi ya mwisho, tena ni ndogo kuliko zote. Plau hulima kwa sababu ya nafasi za milimita chache zilizo chini na ubavuni mwa wembe. Nafasi hizo zikiwapo, hata yenye kutu mwilini italima. Zikipotea, plau iliyopakwa rangi mpya itateleza juu ya majani kama mtumbwi, na ng'ombe wasio na kosa ndio watakaochapwa.

Ninayoeleza hapa ni plau ya ng'ombe ya mtindo wa Victory: boriti ya chuma, gurudumu moja mbele, mikono miwili, upana wa kukata inchi 9 au 10. Ya trekta hufuata kanuni zilezile lakini ina mambo yake mengi, sitaichanganya humu.

Tuelewane majina kwanza, maana kila fundi ana yake. Wembe ni kile chuma cha chini kinachokata udongo. Bawa ni bamba lililopinda linalopindua pande la udongo. Kibavu ni ile pau ndefu upande wa kushoto inayosugua ukuta wa mfuo, na mwisho wake wa nyuma ni kisigino. Hivi vitatu vimefungwa kwenye kiti, chuma kizito kilicho katikati, ambacho wengine hukiita frogi. Kiti kimefungwa kwenye boriti, na mbele ya boriti kuna kichwa chenye matundu ya kufungia mnyororo.

Kabla ya kutumia shilingi yoyote, pima kama plau inastahili kufufuliwa. Ining'inize kwa kamba na ugonge kiti kwa nyundo ndogo. Kizima hulia kama kengele. Chenye ufa hulia kizito, kama mtungi uliopasuka. Ufa wa kiti cha chuma cha kalibu unaweza kuchomelewa kwa fito za nikeli, lakini ni lazima kipashwe moto polepole kwanza, kichomelewe vipande vifupi vya sentimita 2 au 3, kisha kifukiwe kwenye majivu mpaka kipoe chenyewe. Fundi akikwambia atakichomelea kwa fito za kawaida ukiwa umesimama unasubiri, kichukue uondoke nacho. Kitapasuka pembeni mwa weldi siku ya kwanza shambani.

Boriti itazame kwa uzi. Funga uzi nyuma, uvute mpaka kichwani, uone kama chuma kinaufuata. Boriti nyingi zimepinda kuelekea kulia au juu kwa kugonga visiki. Pindo dogo hunyooshwa baridi kwa jeki na mnyororo. Kubwa hunyooshwa kwa moto, na moto huo uenee sehemu pana mpaka chuma kiwe chekundu, si sehemu moja tu. Usimwage maji. Baadhi ya boriti zina kaboni nyingi, na maji huzifanya zivunjike kama kioo. Bawa nalo lipimwe unene. Likibaki chini ya milimita 3 katikati, pale linapochukua udongo kutoka kwenye wembe, limekwisha. Kulibandika kiraka cha bati si dawa, kwa sababu ukingo wa kiraka utashika udongo.

Bolti

Bolti za plau si bolti za kawaida. Kichwa chake ni bapa, kimezama ndani ya tundu ili kisizuie udongo, na shingo yake ni ya mraba ili isizunguke unapokaza nati nyuma. Huo mraba ndio unaoleta taabu. Kutu ikiingia kati yake na tundu, bolti hugandamana. Ukilazimisha nati kwa spana ndefu, mraba hulitafuna tundu la wembe, na tundu likishakuwa la mviringo bolti itazunguka maisha yake yote.

Kwa hiyo usiharakishe. Safisha nyuzi za bolti kwa brashi ya waya, kisha tia mchanganyiko wa dizeli na oili ya giaboksi za otomatiki, nusu kwa nusu, asubuhi na jioni, kwa siku mbili au tatu. Ikigoma, pasha moto nati peke yake, si bolti, mpaka ianze kuwa nyekundu, kisha uiguse na nta ya mshumaa. Nta itayeyuka na kunyonywa ndani ya nyuzi. Jaribu tena ikiwa bado ina joto. Ikikataa kabisa, ipasue nati kwa tindo au ikate kwa grainda, kisha ichape bolti itoke mbele kwa kitindo chenye ncha bapa. Bolti mpya ni rahisi kuliko wembe mpya.

Hapa watu hupotea sana. Plau za zamani zilizotoka Uingereza zilifungwa kwa bolti za Whitworth. Bolti ya nusu inchi ya Whitworth ina nyuzi 12 kwa kila inchi. Ya nusu inchi ya Kimarekani ina 13. Ya milimita 12 ni nyembamba kuliko zote mbili, na nafasi ya nyuzi zake ni milimita 1.75. Nati ya nusu inchi ya namna moja itaingia kwenye bolti ya nusu inchi ya namna nyingine mizunguko miwili au mitatu, kisha itakaza. Utadhani imefunga, kumbe imekwama, na kwenye mtikisiko wa shamba italegea. Badilisha bolti na nati yake pamoja, zote mpya, jozi kwa jozi. Usichukue nati moja kutoka kopo la nati za kale.

Kutu ya pwani

Kutu ya huku ina chumvi ndani yake. Ukiisugua kwa brashi mpaka chuma kikang'aa, chumvi hubaki ndani ya vishimo, na baada ya usiku mmoja wa unyevunyevu utaona vidoa vyekundu vimerudi palepale. Dawa ni kuiondoa chumvi kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Visima vingi vya Kisauni na Likoni vina maji ya magadi au ya chumvi. Ukisuuzia hayo, umejirudisha nyuma. Tumia maji ya mvua au ya mfereji, na kausha mara moja kwa moto mdogo au juani huku ukipangusa.

Njia ninayoiamini zaidi kwa wembe, bawa na kibavu ni ya umeme wa betri. Chukua pipa la plastiki, maji, na soda ya kufulia: kijiko kikubwa kimoja kwa kila lita 4. Chuma chenye kutu kifungwe waya wa hasi wa chaja ya betri ya volti 12. Waya wa chanya ufungwe kwenye vipande vya nondo au mabati mazito ya chuma cheusi, vilivyozunguka bila kukigusa. Saa 12 mpaka 24, kutu itageuka matope meusi yanayotoka kwa brashi, na chuma kizima hakipungui. Magadi ya kupikia maharagwe yaache, yana chumvi. Maji ya bahari usithubutu kuyatumia: yatatoa klorini, gesi ya sumu, na yatatia chumvi mpya kwenye vishimo vilevile. Chuma cha pua nacho kisitumike upande wa chanya, maana hutoa sumu ya kromiamu majini. Pipa likae nje, kwa sababu gesi inayotoka ni haidrojeni na hulipuka kwa cheche. Zima chaja kabla ya kutia mkono.

Boriti haitaingia kwenye pipa. Hiyo brashi ya waya na msasa vinaitosha, kwa sababu haisuguani na udongo.

Wembe

Hapa ndipo penye kazi yenyewe.

Kwanza ujue wembe wako ni wa chuma gani. Uguse kidogo kwenye jiwe la grainda, mahali pa kificho, utazame cheche. Chuma cha kalibu hutoa cheche fupi, nyekundunyekundu, zinazozimika karibu na jiwe. Chuma laini hutoa cheche ndefu za manjano zisizopasuka sana. Chuma chenye kaboni nyingi hutoa cheche nyeupe zinazopasuka kama fataki, matawi juu ya matawi. Wa kalibu haufuliwi. Ukiutia kwenye tanuri na kuupiga nyundo, utavunjika vipande. Mwaka 1803 Robert Ransome wa Ipswich, Uingereza, alipata hataza ya wembe wa kalibu uliopozwa haraka upande wa chini peke yake. Upande wa chini ukawa mgumu, wa juu ukawa laini. Udongo ulipokuwa unaula, ule wa juu uliisha kwanza na makali yakabaki yenyewe. Kanuni hiyo itatufaa baadaye kidogo.

Wembe wa chuma cha kaboni ulioisha nusu unaweza kuvutwa. Pasha moto sentimita 3 au 4 tu za ukingo, mpaka rangi ya chungwa iliyoiva. Usivuke hapo. Ukianza kuona cheche ndogo zikiruka kutoka kwenye chuma chenyewe ndani ya tanuri, umekwisha kukichoma, na sehemu hiyo itakatika. Lalisha uso wa juu kwenye fuawe na upige kutoka upande wa chini, ili alama za nyundo zisibaki kwenye uso unaoteleza udongo. Chuma kikirudi kwenye wekundu wa giza, acha kupiga, rudisha motoni. Kukipiga kikiwa baridi huleta nyufa ambazo hutaziona mpaka siku ya kazi. Na matundu ya bolti yakae nje ya moto, la sivyo yatapinda na wembe hautakaa tena kwenye kiti.

Ncha ikiwa imeisha kabisa, kata ncha mpya kutoka springi ya lori yenye unene wa milimita 10 hivi. Fito za kuchomelea ziwe za haidrojeni kidogo, aina ya 7018, zilizokaushwa. Fito zilizokaa wazi katika hewa ya Mombasa zimekunywa maji, na weldi yake hutoa vitundu. Pasha moto pande zote mbili kabla ya kuchomelea, na uache zipoe polepole. Ukitaka kuutia ugumu wembe uliotengenezwa wote kwa springi, upashe mpaka sumaku isiushike, uutumbukize kwenye oili yenye joto kidogo (si maji), kisha uusugue sehemu ung'ae na uurudishe kwenye moto mdogo mpaka rangi ya zambarau ipite juu ya chuma. Rangi ya majani makavu ni ugumu mno kwa shamba lenye mizizi na mawe. Zambarau kuelekea buluu ndiyo inayovumilia kugonga.

Mwisho, tandika mstari mwembamba wa fito za kukaza uso, unene wa milimita 2, upande wa chini wa makali na kuzunguka ncha. Upande wa chini, nasisitiza. Ni kanuni ileile ya 1803. Mafundi wengi hutandika juu, kwa kuwa ndiko macho yanakoona, na matokeo yake wembe huisha kutoka chini na makali hugeuka mviringo kama kisigino cha ndala.

Sasa zile nafasi. Funga wembe, kibavu na bawa kwenye kiti, ugeuze plau chali. Lalisha rula ya chuma iliyonyooka chini ya plau, mwisho mmoja kwenye kisigino, mwisho mwingine kwenye ncha ya wembe. Katikati, pale wembe unapokutana na kibavu, rula isiguse. Nafasi yake iwe milimita 3 mpaka 5, na kwa ardhi ngumu isiyowahi kulimwa hata 8. Huna kipimo? Ncha ya keekee ya milimita 4 ipite kwa kubanana kidogo. Hii ndiyo inayoivuta plau ishuke. Kisha simamisha rula ubavuni, kutoka kisigino mpaka ncha: katikati iwe na nafasi ya milimita 5 hivi. Hii ndiyo inayoishikilia plau ishike upana wake, isiteleze kwenda kwenye udongo uliokwisha kulimwa. La tatu ni pembe ya nyuma ya wembe, upande wa kulia. Iweke plau wima juu ya saruji iliyosawazishwa: pembe hiyo iguse sakafu kwa urefu wa sentimita 2 au 3. Isipogusa, plau italala kulia kila hatua, na mshika plau atakuwa anapigana na mkono mmoja kutwa nzima.

Nafasi ya chini ikiwa haipo, usiukimbilie wembe peke yake. Mara nyingi kosa liko kwenye kisigino. Kisigino kikiisha, nyuma ya plau hushuka na ncha huelekea juu, hata kama wembe ni mpya wa dukani. Kichomelee kipande cha springi chini, ukipime tena, ukisage mpaka rula ikubali. Nimeona nyembe nzuri zikitupwa kwa dhambi ya kisigino.

Bawa halitaki mengi ila subira. Lisugue kwa msasa wa grainda namba 40, kisha 80, kisha 120, ukifuata njia ambayo udongo unapita, kutoka kwenye wembe kwenda juu na kulia. Mikwaruzo ya kukatiza njia hiyo hushika udongo. Vishimo vya kutu visivyozidi nusu milimita viache, mchanga wa Kilifi utavimaliza baada ya robo ekari. Usipake rangi uso wa bawa wala wa wembe, hata safu moja. John Deere mwaka 1837 alipata jina kwa jambo hili hili: plau za kalibu zilishikwa na udongo mzito wa Illinois, za chuma kilichong'arishwa zikateleza. Udongo mweusi wa mabondeni, upande wa bara wa pwani hii, una tabia hiyohiyo.

Unapofunga, pitisha kucha kwenye kiungo cha wembe na bawa, kutoka chini kwenda juu. Kucha isikwame. Wembe ukiwa juu kidogo kuliko bawa, nusu milimita, si neno. Bawa likiwa juu kuliko wembe, udongo utajenga kichuguu pale, na kazi yote ya kung'arisha imepotea. Tia kipande chembamba cha bati nyuma ya wembe mpaka visawazike.

Mikono, gurudumu na rangi nitavipitia haraka. Mikono ya bomba la maji la robo tatu inchi inatosha, na kipande cha mvinje hufaa kama kiunganishi kati yake. Gurudumu lisiwe na mchezo unaozidi milimita 2 kwenye ekseli. Bushi ya bomba jipya ni kazi ya saa moja. Rangi: redi oksaidi safu mbili, kisha ya mafuta safu moja, kwenye boriti, kiti na mikono tu.

Konde lenyewe

Kabla ng'ombe hawajafungwa nira, tembea shamba na nondo ya milimita 12. Igonge ardhini kila hatua tano, sentimita 30 kwenda chini. Ikilia na kurudi, hapo chini kuna jiwe la matumbawe. Ukanda wa karibu na bahari una sehemu nyingi ambapo udongo ni shibiri moja juu ya jiwe, na hapo plau haina kazi. Lima kwa jembe la mkono au panda mikorosho. Mikoma ing'olewe, si kukatwa, kwa sababu kisiki hubaki ardhini na kitausimamisha wembe ghafla. Visiki vya minazi vivyo hivyo. Mizizi ya nyasi iache, hiyo ni kazi ya kisu.

Kisu hiki plau nyingi za ng'ombe hazina, na kwa konde jipya mimi siwezi kuiacha plau itoke bila hicho. Ni kipande cha springi chenye upana wa sentimita 5, kilichonolewa upande wa mbele, kikafungwa kwenye boriti kwa bolti mbili za U. Kiegemee nyuma, ili mzizi upande juu na kukatika badala ya kukwama. Ncha yake iwe sentimita 3 au 4 juu ya ncha ya wembe, na sentimita 1 hivi kushoto, upande wa ardhi isiyolimwa. Bila kisu, bawa hulirarua pande la nyasi badala ya kulikata, na kipande kilichoraruka hujirudia kwenye mfuo majani juu. Baada ya wiki mbili kimeota upya.

Wakati ni jambo la kubishaniwa, lakini nina msimamo. Wengi hufungua shamba Machi au Aprili, mvua za mwaka zikigusa tu. Ng'ombe wakati huo wametoka kwenye kiangazi cha kaskazi, wamekonda, na kazi ngumu kuliko zote huwaangukia wakiwa dhaifu. Afadhali kufungua katika vuli, Novemba, ardhi ikiwa na unyevu na ng'ombe wameshiba. Pande lililopinduliwa hukaa majani chini, na jua la Januari na Februari huua mizizi. Mvua za mwaka zikija unalima mara ya pili kwa kukatiza, na ardhi inakubali mahindi. Kwenye miteremko ya Shimba Hills mifuo yote ifuate usawa wa mlima, isishuke nao, la sivyo mvua ya kwanza itaondoka na udongo.

Chukua udongo wa kina cha kidole ukaukamate ngumini. Ukishikana kisha ukasambaratika unapouangusha, lima. Ukiacha ung'avu wa maji mkononi, subiri siku mbili.

Sasa hesabu ya nguvu, kwa sababu hapa ndipo ng'ombe wanapoumizwa. Udongo wa kichanga hudai kama kilo 0.2 mpaka 0.3 za mvuto kwa kila sentimita mraba ya pande linalokatwa. Tifutifu hudai 0.3 mpaka 0.5. Mfinyanzi 0.6 na zaidi, na mizizi huongeza juu ya hapo. Ng'ombe anaweza kuvuta kwa saa kadhaa kama asilimia 10 mpaka 12 ya uzito wake. Jozi ya fahali wa kilo 300 kila mmoja ni kilo 60 mpaka 72. Ukikata upana wa sentimita 20 na kina cha 10, hiyo ni sentimita mraba 200. Kwa tifutifu ya 0.4, unadai kilo 80. Umewazidishia. Punguza upana uwe 17, au funga jozi mbili, ukijua kwamba jozi mbili hazivuti mara mbili kamili. Na kumbuka njia: ekari moja kwa upana wa sentimita 20 ni kilomita 20 za kutembea, bila kuhesabu mageuko. Hiyo si kazi ya siku moja kwenye ardhi mpya.

Kina kisizidi theluthi mbili za upana. Kikizidi, pande husimama wima na kurudi lilikotoka. Kwa mara ya kwanza sentimita 8 mpaka 10 zinatosha. Kina zaidi ni cha mzunguko wa pili.

Mnyororo kutoka nira hadi plau uwe mita 2.5 mpaka 3. Ukiwa mfupi, huinua kichwa cha boriti na plau hukataa kushuka. Kichwani, ukipandisha mnyororo tundu moja juu, plau huenda chini zaidi. Ukiushusha, hupanda. Ukiusogeza kulia, plau huelekea kushoto na kukata pana. Ukiusogeza kushoto, hukata nyembamba. Badilisha tundu moja kwa wakati mmoja, tembea hatua ishirini, ndipo uamue. Gurudumu liguse ardhi kwa wepesi tu. Kulitumia lisukume plau juu wakati mnyororo unaivuta chini ni kuwabebesha ng'ombe mzigo usio na faida, na ekseli yake itaisha msimu huo huo.

Dalili ya mwisho iko mikononi. Plau iliyosawazishwa vizuri hutembea hatua kumi na mshika plau akiwa ameigusa kwa vidole tu. Akiwa anainua mikono ya plau ili ncha ishuke, nafasi ya chini imekwisha au mnyororo uko tundu la chini mno. Akiwa anakandamiza mikono ili plau isizame, mnyororo uko juu mno au nafasi imezidi. Plau ikilala kulia, rudi kwenye ile pembe ya wembe. Ikikimbilia udongo uliolimwa, rudi kwenye ubavu. Udongo ukishika kwenye bawa asubuhi ya kwanza, usigonge kwa jiwe. Ufute kwa kipande cha mti, uendelee upande wa shamba wenye mchanga kwa nusu saa, urudi.

Jioni, kabla ya kumfungua ng'ombe wa pili, pangusa wembe, bawa na kibavu vikiwa bado vina joto la kazi, upake oili chafu au grisi nyembamba. Wanaokaa karibu na majahazi hutumia sifa, yale mafuta ya papa, na hukamata vizuri chuma ingawa harufu yake haina siri. Msimu ukiisha, paka grisi nene na uitundike plau chini ya paa, juu ya ardhi. Usiku mmoja wa umande wa pwani unatosha kurudisha wekundu kwenye bawa, na utalazimika kuanza upya na msasa namba 80.